Sauti ya Sinema Hutengenezwa na Kuta

Maneno ya waigizaji yasiposikika vizuri, mtazamaji hulaumu spika na mwenye ukumbi huongeza sauti. Tatizo mara nyingi liko ukutani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 17 kutoka safu ya mbele, sauti iliyowapita watazamaji wa safu hiyo huwarudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwigizaji akiwa tayari kwenye silabi nyingine. Irabu, zenye nguvu, huendelea kuvuma na kuzifunika konsonanti, ambazo ni hafifu lakini ndizo zinazotenganisha "pata" na "kata". Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu mvumo nao hupanda kwa kiasi kilekile.

Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilivuma zaidi ya sekunde 5. Usiku, kukiwa kimya, alipuliza bomba la ogani na kupima muda wa mvumo huku akiongeza mito ya viti iliyoazimwa ukumbi mwingine. Akagundua kwamba mvumo hurefuka kadiri ukumbi unavyokuwa mkubwa, na hufupika kadiri vilivyomo vinavyofyonza sauti. Kwa kanuni yake, ukumbi wa mita 20 kwa 15 kwa 8 wenye lipu tupu huweza kuvuma karibu sekunde 7. Ukiwekwa viti vya sponji, zulia na paneli nene, hushuka chini ya sekunde 1.

Wapo watakaosema mitambo ya kisasa hurekebisha yote. Mitambo hupunguza besi au kuongeza sauti kali, lakini haiwezi kuufuta mwangwi uliokwisha kutoka ukutani. Wengine watataja Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 kwa ushauri wa Sabine, inayosifiwa kwa mvumo wa karibu sekunde 2. Ule ni ukumbi wa okestra, ambako mvumo hukamilisha muziki. Filamu yenye tukio la pangoni huja na mwangwi wa pango hilo umesharekodiwa. Na pazia jepesi halitoshi: wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, hivyo hulipita bila shida.

Kuongeza sauti kunagusa pia afya. Shirika la Afya Duniani hupendekeza desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Anayejenga ukumbi atenge kwanza fedha za kuta na dari, ndipo anunue spika. Maneno yatasikika bila kuyaumiza masikio.