"Umenenepa, Mashallah!" Salamu Inayoweza Kuficha Ugonjwa

Mswahili anayeishi ughaibuni akirudi nyumbani likizo, salamu inayofuata baada ya "karibu" anaijua: "Umenenepa, mashallah! Ulaya imekukubali." Asiponenepa, ataulizwa kwa sauti ya chini kama huko anakokaa kuna chakula.

Hatuna nia mbaya. Kwetu kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema, na kukonda kulitisha. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980, Waganda waliuita "slim" kwa jinsi ulivyomkausha mgonjwa. Hadi leo mtu akipungua ghafla majirani huanza kunong'ona.

Lakini salamu hii inaweza kuficha matatizo mawili: unene unaoleta maradhi, na maradhi ya kuogopa kunenepa. Hili la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mpwa wangu alizaliwa na kukulia hapa Uingereza. Akiwa na miaka 15, kwenye harusi ya ndugu, shangazi mmoja alimtazama toka juu hadi chini akamwambia mbele ya watu kuwa sasa amempita mama yake kwa unene. Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Miezi michache baadaye binti alikuwa kila akiitwa mezani anasema ameshakula shuleni. Alivaa sweta wakati wa joto. Alipopungua tulimsifu. Ramadhani ilipofika alifunga bila kukosa, na akafuatisha sunna siku nyingi kuliko mtu yeyote nyumbani. Mama yake alijivunia. Siku alipoanguka darasani ndipo tulipojua kuwa tulikuwa tunampongeza mgonjwa.

TUANZE NA UNENE

Mwili unahesabu nguvu zinazoingia na zinazotoka. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ndiyo maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na pilau iliyomiminiwa mafuta "ili ing'ae" inabeba kalori nyingi kuliko inavyoonekana kwenye sahani.

Nyumbani wengi wetu tulitembea kwenda kituo cha daladala, sokoni na kwa majirani. Huku tunapanda gari, tunafanya kazi za usiku, tunakula chipsi saa nne usiku, na baridi inatufungia ndani. Chakula kimeongezeka na kutembea kumepungua.

Sukari nayo tunaisahau kwa sababu tunainywa. Kopo la kola la mililita 330 lina sukari kama gramu 35. Chai vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, ni vijiko 15, yaani kama gramu 60. Ushauri wa afya hapa Uingereza ni kuwa mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Chai peke yake imeshamaliza kiwango cha siku mbili.

JIPIME

Kipimo maarufu ni BMI: chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 62 na urefu wa mita 1.60 anapata 24.2. Kwa kipimo cha jumla yuko salama, maana uzito wa kawaida ni kuanzia 18.5 hadi chini ya 25. Lakini NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, inashauri kuwa kwa watu wenye asili ya Afrika, Mashariki ya Kati na Asia tahadhari ianze 23, na unene wa kupindukia uhesabiwe kuanzia 27.5. Sababu ni kwamba kisukari na maradhi ya moyo huwapata mapema zaidi, wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Huna mzani? Chukua uzi, jipime urefu toka utosini hadi kisigino, ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako na ni wakati wa kuchukua hatua.

Hatua zenyewe hazina miujiza. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wali, ugali au chapati, robo iwe samaki, kuku, maharage au kunde. Mchicha, bamia na choroko vinapatikana kwenye maduka mengi ya Waasia na Waafrika huku. Punguza chumvi, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku. Shirika hilo linashauri pia mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Kushuka basi vituo viwili kabla na kutembea haraka ni mazoezi. Anayehitaji kupungua, apunguze nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayekuuzia dawa ya kupunguza kilo kumi kwa wiki moja anataka pesa zako.

UPANDE WA PILI

Sasa turudi kwa binti. Wengi wetu tunaamini maradhi ya kujinyima chakula ni ya Wazungu. Sivyo. Mtafiti Anne Becker wa Marekani alichunguza wasichana wa shule katika mkoa mmoja wa Fiji, nchi ya visiwa ambako mwili mkubwa ulikuwa sifa kama kwetu. Televisheni ilipoingia mwaka 1995 hakuna msichana kati ya waliohojiwa aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila kumi. Hiyo ni televisheni tu. Watoto wetu leo wana picha hizo mfukoni saa 24.

Maradhi haya yana sura tatu kubwa. Anoreksia ni kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa hata mtu akiwa mifupa mitupu. Bulimia ni kula kwa wingi kisha kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha. Ya tatu ni kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, mara nyingi kwa siri na kwa aibu. Wavulana pia huyapata. Mwenye bulimia anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa, huku kutapika kunapunguza madini ya potasiamu hadi mapigo ya moyo yavurugike. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi.

Usiseme ni deko. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa na huzuni na hasira, wakajitenga, wakasikia baridi, na wakawaza chakula usiku na mchana. Njaa yenyewe inabadili akili, na ndiyo maana kumwambia mgonjwa "kula tu" hakusaidii.

DALILI NA LA KUFANYA

Angalia mtoto anayekwepa kula na wenzake, anayekimbilia chooni kila baada ya mlo, anayesikia baridi daima, anayekatika nywele, au binti aliyekosa hedhi. Kwa Waislamu, angalia saumu isiyoisha. Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Ongea naye faraghani. Mwambie ulichokiona na kwamba una wasiwasi. Usizungumzie umbo lake. Usimlazimishe sahani iliyojaa, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa ghafla unaweza kudhurika. Mpeleke kwa GP mapema. Hapa Uingereza lipo pia shirika la Beat linalosaidia wagonjwa na familia zao. Akizimia au akiumwa kifua, piga 999.

Mpwa wangu alitibiwa, na matibabu yalichukua zaidi ya mwaka. Siku hizi tunakula pamoja na hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Yule shangazi bado anatutembelea. Akiingia humshika binti mkono na kumuuliza, "Hujambo mwanangu, habari za masomo?" Kuhusu mwili wake hasemi neno.