Kabla ya Kutoa Damu: PCOS na Vipimo vya Homoni (Sehemu ya Nne)

Septemba ni mwezi wa kuelimisha umma kuhusu PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, na redio zimeanza kuwahimiza wanawake wakapime homoni. Wito huo ni wa haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kuwa wanayo. Kinachonisikitisha ni kwamba mwanamke anaambiwa nenda ukapime, lakini haambiwi aende siku gani ya mzunguko wake, saa ngapi, wala kabla ya hapo ajizuie na nini. Anakwenda, analipa fedha aliyoitafuta kwa jasho, kisha anarudi na karatasi inayomdanganya.

Tarakimu za karatasi ile zina historia ndefu, na asiyeijua huzidharau. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago, tuliokutana nao katika sehemu ya kwanza, mwaka 1935 waliandika kuhusu wagonjwa wao saba wenye hali hii kwa kutazama ovari na kuzikata. Insulini, ambayo tumeshaona inavyozisukuma ovari kutengeneza androjeni, yaani homoni za kiume, kupita kiasi, haikuwa na kipimo cha kuaminika, kwa kuwa ndani ya damu ni kidogo mno.

Aliyefungua mlango wa kuipima ni Rosalyn Yalow, binti wa Bronx, New York, aliyezaliwa mwaka 1921. Wazazi wake walitamani awe mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alipenda fizikia, na njia aliyoonyeshwa ya kuingia chuo kikuu ilikuwa kuwa katibu muhtasi wa profesa, basi akaanza kujifunza hati mkato. Chuo Kikuu cha Illinois kilipompa nafasi mwaka 1941, alivichana vitabu vya hati mkato. Katika kitivo alichoingia, chenye watu wapatao 400, alikuwa mwanamke peke yake. Nawasihi wazazi wenye mabinti wanaopenda hesabu waisome habari hii mara mbili.

Katika hospitali ya maveterani huko Bronx, Yalow na daktari Solomon Berson waligundua kwamba wagonjwa waliokuwa wakidungwa insulini hutengeneza kingamwili dhidi yake. Jarida moja likaikataa makala yao. La pili likaichapisha mwaka 1956, baada ya wao kukubali kuliondoa neno kingamwili kwenye kichwa. Yalow aliitunza barua ya kukataliwa, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 aliionyesha hadharani. Berson alikuwa ameshafariki mwaka 1972.

Kingamwili zile zile ndizo zilizozaa kipimo mwaka 1959. Fikiria daladala yenye viti vya kuhesabika. Insulini iliyotiwa alama ya mionzi inagombea viti na insulini ya mgonjwa. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, yenye alama hukosa nafasi, na kwa kuhesabu iliyokaa unajua ya mgonjwa ni kiasi gani. Wawili hao walikataa kuusajili ugunduzi wao ili wautoze ada. Ndiyo maana maabara za dunia nzima zilijifunza njia hiyo na kuiendeleza hadi mashine za leo, ambazo nyingi hazihitaji tena mionzi.

Sasa, dada zangu, heshima kwa kazi hiyo inaanzia nyumbani. Homoni hupanda na kushuka, kwa hiyo testosteroni na wenzake hupimwa asubuhi, mara nyingi siku ya pili hadi ya tano tangu hedhi ianze. Ambaye hajaona hedhi kwa miezi kadhaa asikae akiisubiri. Amwone daktari, apimwe kwanza ujauzito, kisha apangiwe siku. Vidonge vya uzazi wa mpango hushusha testosteroni na kuficha kinachotafutwa. Daktari anaweza kushauri viachwe kwa muda usiopungua miezi mitatu huku njia nyingine ikitumika. Usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe, wala dawa ya metformini kama unaitumia.

Kwa kipimo cha sukari na mafuta, usile kwa saa 8 hadi 12. Maji ya kawaida yanaruhusiwa, maana hii si saumu ya Ramadhani, ila chai ya maziwa inaharibu kila kitu. Ukipewa gramu 75 za glukosi unywe, utakaa saa mbili na damu itatolewa tena. Usitoke kwenda kununua vitafunwa. Homoni ya prolaktini nayo hupandishwa na wasiwasi na mazoezi makali, hivyo fika mapema utulie.

Jambo linaloniudhi zaidi ni biotini. Nywele zikipukutika, jambo la kawaida kwa wenye PCOS, mwanamke huuziwa vidonge vya nywele na kucha vilivyojaa vitamini hiyo. Baadhi ya mashine hutumia biotini kama gundi ya kushikia kingamwili, na ikizidi kwenye damu inaweza kuonyesha testosteroni imepanda wakati haijapanda, na homoni inayoiamrisha tezi ya shingo imeshuka wakati haijashuka. Viachwe angalau siku mbili kabla, na kwa vyenye kiwango kikubwa muulize daktari, kwani huenda muda zaidi ukahitajika. Anayeuza vidonge hivyo bila kusema hili anatenda dhambi, na anayetoa damu ya mgonjwa bila kumuuliza ametimiza nusu ya kazi yake.

Basi ukifika maabara, usingoje kuulizwa. Sema, na hakikisha imeandikwa kwenye fomu: tarehe hedhi ilipoanza, saa uliyokula mara ya mwisho, na kila kidonge, sindano, kipandikizi au dawa ya mitishamba unayotumia. Namna ya kuyasoma majibu ndiyo mada ya sehemu ya tano.