Tikiti Yasema Ijumaa

Tikiti ya mama yangu mdogo iliandikwa Ijumaa, 00:25, kutoka Nairobi kwenda New York. Kwa hesabu yetu ya Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule uingiao kwa magharibi ya Alhamisi. Lau angaliifuata hesabu hiyo angaliwahi. Vijana wa nyumbani ndio waliomrekebisha: tikiti, walisema, ni mambo ya kizungu, na Ijumaa usiku ni Ijumaa baada ya Isha. Wakafika uwanjani na masanduku yao, wakaambiwa, "Mama, ndege yako iliondoka jana usiku." Jumamosi bintiye akajifungua uzazi wa kwanza, mamaye hayupo.

Safari yenyewe ni ya takriban kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, abiria hukaa angani kiasi cha saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Saa hiyo moja ni kazi ya upepo, kwani juu ya Atlantiki huvuma pepo kali zitokazo magharibi, zikaizuia ndege iendayo na kuisukuma irudiyo. Mabaharia wetu waliongoja kusi ndipo watweke tanga kuelekea Arabuni hawangestaajabu.

Kinachowatatiza wengi ni saa zilizoandikwa. Ndege iondokayo 00:25, yaani saa sita na dakika 25 usiku, hufika New York 08:25, saa mbili na dakika 25 asubuhi. Mtu hutoa hesabu akapata saa nane, akajifungia vitumbua viwili. Lakini saa ya kuondoka ni ya Nairobi, na ya kufika ni ya New York, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa saba. Tangu mapema Novemba hadi Machi huwa saa nane, kwa kuwa Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na sisi zetu hatuzigusi. Zirejeshe zote mbili kwenye saa za Nairobi, ndipo utoe.

Kuna na jambo la Alfajiri. Ndege hii hupita juu ya Sahara ikielekea kaskazini-magharibi, kama inayolikimbia jua, na usiku hurefuka, hasa miezi ya baridi. Saa ya mkononi yenye majira ya Nairobi itasema Alfajiri imekwisha pita, ilhali dirishani kungali giza totoro. Wakati wa swala hufuata mahali ndege ilipo, si mahali ilipotoka. Basi ni vyema kuomba kiti cha dirishani, na kutia udhu mapema kabla foleni ya chooni haijawa ndefu.

Mama mdogo alipata nafasi usiku wa Jumapili. Safari hii hakumsikiliza mtu. Juu ya bahasha ya tikiti aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu: Jumamosi, baada ya Isha.