Taa Nyekundu ya Simu ya Mezani

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za simu ya ofisini, ile ya mezani yenye waya na mkono wa kunyanyua.

Hapo kale, karani aliyetaka kumnong'oneza mwenzake huku mteja yuko hewani aliziba kwa kiganja sehemu ya kuzungumzia. Akajiona salama. Kumbe sauti ilipenya kati ya vidole, na mteja akasikia anavyosemwa!

Ndipo kikaja kitufe cha kunyamazisha, ambacho mara nyingi huchorwa maikrofoni iliyokatwa na mstari. Ndani ya mkono wa simu mna maikrofoni ndogo. Nyingi ni za aina waliyoibuni James West na Gerhard Sessler huko Marekani mwaka 1962. Ukibonyeza kitufe, simu huacha kupeleka sauti inayoingia humo, na kwa kawaida taa nyekundu huwaka. Lakini masikio yako hayajazibwa: mwenzako unamsikia vilevile.

Hapo ndipo hata watu wazima huchanganya mambo. Kipo kitufe kingine, cha kumsubirisha mtu, na hicho hukata pande zote mbili. Yeye hakusikii, nawe humsikii. Pengine anapigiwa muziki tu. Sasa mfikirie karani wa mapokezi. Mteja anaulizia mzigo wake, na pembeni wafanyakazi wanaburuta makabati kwa kelele. Karani akinyamazisha simu, kelele haitoki, naye anaendelea kuandika namba ya risiti anayotajiwa. Angemsubirisha, namba ile ingempita, na mteja angelazimika kuanza upya. Mimi naona kitufe cha kunyamazisha ndicho chenye adabu kuliko vyote vya simu ile.

Na kile kioo kidogo cha simu hiyo? Hicho humwonyesha karani namba inayopiga, jina kama limehifadhiwa, dakika za mazungumzo, na simu zilizopigwa bila kupokewa. Kwenye simu za zamani za waya huko Marekani, namba hutumwa kati ya mlio wa kwanza na wa pili, kwa hiyo anayekurupuka kupokea kabla haijafika huweza asiione. Simu zinazotumia mtandao wa kompyuta huletewa namba pamoja na taarifa ya kwamba kuna anayepiga. Ila jihadharini: kioo huonyesha kilichotumwa, na tapeli anaweza kutuma namba isiyo yake. Usitoe siri ya ofisi kwa sababu tu kioo kimeandika jina la bosi.

Basi siku mtakapokalishwa mapokezi, kabla ya kumsema mtu aliye hewani, tazameni taa. Na mkirudi kuzungumza naye, bonyezeni tena kitufe kilekile, msije mkamjibu kwa dakika nzima naye anaita tu, "Haloo? Haloo?"