Klachi ya Visu: Kuteleza Si Kwisha

Mkonge ulipoletwa pwani ya Tanga na Daktari Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika ilipandwa Kikogwe, Pangani. Wenyeji hawakuutafutia mmea huo jina jipya, bali waliupa jina la mmea wa porini waliokwisha kuujua, wenye nyuzi za kusokotea kamba. Mashine ya kutolea nyuzi za mkonge, kwa upande mwingine, iliitwa korona, kwa jina la chapa yake. Hivyo njia mbili za kupata istilahi, yaani kupanua maana na kutohoa, zilitumika katika shamba moja kabla ya kuwapo baraza lolote la lugha.

Njia hizo zinatufaa hata leo tunapofasiri maelezo ya mitambo. Tuchukue mfano wa mashine ya kukatia nyasi ambayo dereva huiketia, itumikayo katika viwanja vya michezo na bustani za hoteli. Kuiita “kikata nyasi cha kupanda” hakufai, kwa kuwa msomaji atadhani ni nyasi za kupandwa. “Mashine ya kukatia nyasi yenye kiti” haina utata.

Chini ya injini ya mashine hizo nyingi hufungwa klachi ya visu inayotumia umeme. Neno klachi limekwisha kuzoeleka, wala hapana haja ya kulibadili. Sehemu zake ni koili, sahani inayozunguka pamoja na shafti ya injini, bamba la chuma, na kapi linalobeba mkanda wa visu. Kapi ni neno la mabaharia, na linafaa injini kama lifaavyo jahazi. Umeme wa volti 12 ukipita katika koili, koili huwa sumaku. Bamba huvutwa likashikana na sahani, na kapi likazunguka. Umeme ukikatwa, springi hulirudisha bamba, na breki husimamisha visu.

Ikiwa nyuso hizo mbili hazishikani barabara, injini huvuma kama kawaida, lakini visu hupungua kasi penye nyasi nzito, na pengine hutoka harufu ya kuungua. Hapo mafundi wengi husema, “Klachi imekwisha.” Usemi huu ni hukumu, si dalili. Dalili ni kwamba visu vinapoteza nguvu; kuteleza kwa klachi ni sababu moja tu, na kulika kwake ni sababu ya sababu hiyo. Mfasiri akiandika “imekwisha” mahali pa “inateleza”, msomaji ataagiza klachi mpya pasipo kuchunguza, na huenda fedha nyingi zikapotea bure.

Uchunguzi huanza na mkanda: ukiwa umelika, umelegea au umeingia mafuta, kosa ni lake. Kisha hupimwa betri, na soketi ya waya wa klachi hukaguliwa. Katika mahali kama Ushongo, kusini mwa mto Pangani, hewa ya chumvi hula madini ya soketi upesi. Umeme ukifika dhaifu, sumaku nayo huwa dhaifu. Baadaye hupimwa mwanya baina ya bamba na sahani, kwa geji ya vibamba vyembamba. Kwa klachi nyingi mwanya huwa kati ya milimita 0.3 na 0.45, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile cha kitabu cha mashine yenyewe. Mwanya ukizidi, nati tatu za kurekebishia hukazwa kidogo kidogo kwa usawa. Mwishoni hupimwa ukinzani wa koili, ambao kwa kawaida huwa kati ya omu 2 na 4. Klachi hubadilishwa ikiwa koili imeungua au nyuso zimelika kupita kiasi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya lugha. Neno “funga” lina maana ya kukaza nati, kupachika kifaa, na hata kuzima, kama tusemavyo “funga redio”. Agizo la “funga klachi” laweza kueleweka kwa namna zote tatu, na anayelisoma ana mkono wake karibu na visu. Kwa hiyo twapendekeza kila tendo lipewe kitenzi chake: zima klachi, kaza nati, pachika klachi. Vivyo hivyo, “fungua” litumike kwa bolti tu. Waya uchomolewe, na mkanda utolewe.

Kwa kufuata kanuni hiyo, maelezo ya kubadilisha klachi yatakuwa hivi. Zima injini, ngoja ipoe, na utoe ufunguo. Chomoa waya wa plagi na waya hasi wa betri. Toa mkanda, chomoa soketi, fungua bolti ya kati, na uivute klachi chini. Pachika klachi mpya, ukihakikisha kizuizi chake kimekaa mahali pake ili isizunguke na shafti. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu, kisha rudisha mkanda na waya zote. Ukiwa kitini, washa na kuzima visu mara kadhaa kwa sekunde chache, ili nyuso mpya zizoeane.

Msomaji ataona kwamba maneno ya kutohoa hayakumtatiza. Klachi, koili na bolti ayajua. Linaloweza kumdhuru ni kitenzi cha Kiswahili sanifu kilichobebeshwa maana nyingi. Wafasiri na walimu hawana budi kukichunguza kitenzi kwa uangalifu uleule wanaolichunguzia jina.