Sanduku Kwanza, Leza Baadaye



Ndugu msomaji, alasiri moja mwaka uliopita mwanafunzi wetu wa darasa la juu alikuja madrasa na deki mbovu ya DVD. Alikuwa ameifungua na kuiunga na betri, na watoto wadogo wamemzunguka wakichungulia kinuru chekundu kilichokuwa ndani yake. Nami, Allah anisamehe, niliinama nikachungulia. Kijana alikuwa na nia njema. Alisikia kuwa kwa leza mtu anaweza kujitengenezea bodi ya saketi, naye alitaka kutuundia taa ya sola ya darasani. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wazazi walioniuliza kama jambo hilo lipigwe marufuku.

Kwanza tujue bodi yenyewe. Ukifungua redio utaona kibao chembamba chenye njia za shaba zinazopitisha umeme. Fundi asiye na mashine huchukua kibao kilichofunikwa shaba yote, akachora njia zake kwa wino usiofutika au rangi ya kucha, kisha akakitumbukiza katika feriki kloraidi, dawa inayokula shaba yote iliyo wazi. Penye leza hakuna kuchora. Kibao hupuliziwa rangi nyeusi, na leza ikaiunguza rangi pale tu ambapo shaba haitakiwi. Njia hutoka nyembamba kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuchora. (Dawa hiyo ikishatumika ina shaba ndani yake nayo huua samaki, kwa hiyo isimwagwe mtaroni. Maji ya milima yetu ya Kasulu na Kibondo huishia Mto Malagarasi.)

Mifupa ya mashine si ghali. Draivu mbili za DVD za kompyuta iliyokufa zatosha. Kila moja ina mota ndogo inayozungusha skrubu hatua kwa hatua. Moja husogeza kibao mbele na nyuma, ya pili husogeza leza kulia na kushoto, na kompyuta huziamuru. Eneo la kazi ni kama sentimita 4 kwa 4, linatosha kwa saketi ya taa. Wala si ndoto: vijana wa Buni Hub, Dar es Salaam, waliunda printa ya vitu vya plastiki kwa taka za elektroniki, na mifupa yake ni ya namna hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hatari. Tazama nyuma ya deki nyingi utakuta kibandiko kinachosema kuwa ni kifaa cha leza cha daraja la 1, yaani salama. Wengi hudhani leza iliyomo ndani ndiyo iliyo salama. Sivyo! Kilicho salama ni deki iliyofungwa. Ukiivunja, umeondoa usalama ule na kibandiko hakina maana tena. Mwanga unaoonekana ukizidi miliwati 1 haufai kuingia jichoni. Leza ya draivu ya kuandikia DVD hupita miliwati 100, na zile za buluu zinazouzwa kwa mashine hizi hufika wati 5, sawa na miliwati 5,000.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, katika Kitabu al-Manazir alichokiandika miaka elfu moja iliyopita, alionesha kuwa jicho halitoi mwanga bali huupokea. Hoja yake mojawapo ni kwamba jicho huumia likitazama mwanga mkali. Leza yaweza kuwa mbaya kuliko hivyo. Lenzi ya jicho huukusanya mwanga wake kwenye nukta moja ya retina, na retina haina hisia ya maumivu. Mtoto anaweza kuunguzwa pasipo kulia, akaja kugundua siku herufi za msahafu zinapomezwa na doa. Leza ya kusomea CD ni hatari zaidi kwa namna yake, maana mwanga wake karibu hauonekani na jicho halipepesi.

Kwa hiyo mashine ianze na sanduku. Liwe la bati au mbao nene, lisilo na ufa, na ndani lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu shaba ikifunuka hurudisha mwanga kama kioo. Dirisha la plastiki angavu halizuii mwanga wa buluu. Afadhali kamera ndogo ndani. Kwenye kifuniko ziwekwe swichi mbili, na waya wa umeme wa leza upite humo moja kwa moja. Usiiachie programu kazi hiyo, kwani kompyuta hukwama. Miwani ya jua haifai hata kidogo. Inatakiwa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa rangi ya leza ile ile. Feni itoe moshi nje, na asiondoke mtu mashine ikifanya kazi: mota ikikwama, leza hubaki mahali pamoja na moto huanza.

Mwanafunzi wetu amekwisha tengeneza sanduku. Bawaba zimekaa vizuri. Mahali pa leza amefunga balbu ya tochi, nayo huzimika kila kifuniko kinapoinuliwa, hata kwa upana wa kidole. Tumeijaribu mara nyingi. Leza bado hatujaiagiza.