Gundi na Nguo za Zamani

Katika nyumba nyingi za Kwa Vonza, kando ya barabara iendayo Kitui, hutunzwa sandukuni nguo isiyovaliwa tena: kanga ya bibi, au bendera ya chama cha akina mama. Nguo hiyo ikianza kuchanika, wenyewe huona njia iliyo rahisi ni kuchukua gundi nyeupe ya seremala na kubandika kiraka. Yafaa ifahamike kwa nini njia hiyo huidhuru nguo kuliko mpasuko wenyewe.

Gundi hiyo ikikauka huzifanya nyuzi kuwa ngumu. Nguo ikikunjwa, nyuzi hukatika pembeni mwa kiraka, na mpasuko wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Miaka ikipita, gundi hugeuka manjano na kutoa asidi iliayo nyuzi. Tena katika joto la nchi kavu kama Ukambani hulainika, vumbi likanata humo. Hata mabingwa wa Ulaya walijifunza jambo hili kwa hasara. Katika miaka ya 1950 na 1960 bendera na mazulia ya kale ya ukutani yalibandikwa kwa gundi za viwandani, hasa Uholanzi, na waliowafuata ikawabidi kuhangaika kuzibandua.

Basi siku hizi fundi wa makumbusho hushika sindano kwanza, akaishonea nguo dhaifu juu ya kitambaa imara. Gundi huja pale tu ambapo hariri imechakaa hata ikiguswa na sindano hugeuka unga. Hapo hupaka gundi hafifu juu ya shashi ya hariri, huiacha ikauke, kisha huiweka chini ya nguo na kuiamsha kwa joto kidogo au mvuke wa spiriti. Sharti kubwa ni kwamba fundi mwingine aweze kuiondoa baadaye.

Ipo nguo ya Afrika ya Mashariki ambayo kwake gundi hushinda sindano, nayo ni nguo ya gome ya Waganda, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Haikufumwa, ni gome la ndani la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hata likapanuka. Kwa kuwa haina uzi wa kwenda wala wa kurudi, tundu la sindano huwa mwanzo wa mpasuko. Fundi hubandika kwa chini karatasi nyembamba ya Kijapani (ambayo nayo hutokana na gome la mti wa ukoo mmoja na mutuba) kwa uji wa wanga wa ngano. Uji huo hulegezwa kwa maji kidogo. Lakini mende huupenda, kwa hiyo hupakwa haba.

Mwenye kanga ya bibi hana haja ya hayo yote. Ailaze bapa ndani ya shuka safi ya pamba, mbali na jua, wala asiifue, kwa maana rangi za zamani huweza kuchuja. Ikiwa ni kitu cha thamani kwa kijiji kizima, na aulize Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kabla ya kufungua chupa ya gundi.